Naongoza kwa kuponya, mbona bado tunapigwa?

Swali limetoka kwa mwanafunzi wa chuo, yuko Morogoro: "Shikamoo kaka. Nacheza Team Fortress 2 kwenye kompyuta ya mtumba, na tangu mwaka uanze nimeshika Medic peke yake. Karibu kila mechi naongoza kwa kuponya lakini tunapigwa, na wenzangu wananiambia mimi ni Medic mbovu. Nakosea wapi? Nimfuate nani? Uber niiwashe lini? Halafu mdogo wangu wa kike anacheza Estes, mganga kwenye gemu la simu la Mobile Legends, na kilio chake ni hichohicho."

Marahaba, mdogo wangu. Kwa msomaji mgeni: hili ni gemu la timu mbili zinazopigana kwa risasi. Medic ndiye mganga, Medi Gun ni bunduki yake ya kuponya, damu ni kipimo cha uhai, na Uber ni nguvu inayojaa kadiri anavyoponya, ikiwashwa inamkinga yeye na anayemponya kwa muda mfupi. Heavy, Soldier, Scout na wengineo ni aina za wapiganaji. Nikutetee kidogo kwanza. Wengi wanaokutukana hawajawahi kushika Medi Gun kwa dakika kumi mfululizo. Wangeishika wangejua kwamba Medic ndiye mtu pekee uwanjani anayelaumiwa kwa vifo vya watu wengine. Lakini wana hoja, na hoja yenyewe umeiandika wewe kwa mkono wako: "naongoza kwa kuponya". Namba ile inahesabu damu uliyorudisha, basi. Haijui damu hiyo ilimsaidia nani kufanya nini. Heavy aliyesimama katikati ya njia akitobolewa risasi dakika nzima atakupa namba kubwa kuliko mtu yeyote, maana kila anapotobolewa wewe unaziba. Mwisho wa dakika Heavy kafa, pointi zako zimepanda, na upande wa kushoto Soldier wawili wamekufa wakikuita.

Twende kwenye hesabu, maana gemu hili ni la tangu 2007 na namba zake zinajulikana vizuri. Medi Gun ya kawaida inarudisha damu 24 kwa sekunde kwa mtu aliye vitani. Roketi moja ya Soldier ikimpata mtu kwa karibu inamtoa zaidi ya 100, na roketi ya pili inatoka kabla sekunde haijaisha. Weka 24 upande mmoja na 100 upande wa pili, uone mwenyewe kama kuna siku utamponya mtu akapona huku anapigwa roketi. Haipo. Unamwongezea pumzi moja tu.

Sasa sikia jambo ambalo wengi hucheza miaka bila kulijua. Mtu akikaa sekunde 10 bila kuguswa, kasi ya kumponya inaanza kupanda. Akifika sekunde 15 inakuwa 72, yaani mara tatu. Chukua Soldier mwenye damu 50 kati ya 200. Ukimponya akiwa bado anapigana na mwanya wa kutopigwa ukapatikana, utatumia sekunde sita na zaidi. Soldier huyohuyo akiwa amejificha nyuma ya ukuta kwa robo dakika kabla hujamfikia, anajaa kwa sekunde mbili na ushei. Bunduki ni ileile na mtu ni yuleyule.

Halafu kuna ziada. Medi Gun inaweza kumjaza mtu hadi mara moja na nusu ya damu yake: Soldier anafika 300, Heavy anatoka 300 anafika 450, Scout anatoka 125 anafika 185. Ziada hiyo haikai, inayeyuka yenyewe kwa kama sekunde 15, lakini ukiigawa muda mfupi kabla timu haijavamia umewapa wenzako sehemu kubwa ya roketi bure kila mmoja. Scout ambaye hajaguswa anaipata yote kwa sekunde moja hivi. Watu watatu kwa sekunde nne! Sekunde hizo nne ukizitumia katikati ya moto hazimwokoi hata mmoja.

Kwa hiyo ukiniuliza unakosea wapi, bila kukuona nakwambia hivi: unaponya wakati wa vita. Kazi ya kuponya inafanyika kabla watu hawajakutana na baada ya kuachana. Risasi zikianza, Medic ana kazi nyingine mbili, kubaki hai na kuamua kuhusu Uber. Ukizishika hizo, namba yako ya kuponya inaweza hata kushuka kidogo. Iache ishuke.

Umeuliza umfuate nani. Usimfuate mtu. Najua Heavy anavutia, ana mwili mkubwa, na ukimganda unajiona salama. Wazungu wanamwita Medic wa aina hiyo "wa mfukoni", na yapo mazingira yanayomtaka, kama pale mnapolinda mlango mmoja mwembamba. Lakini Heavy ndiye mzito kuliko wote kwa miguu, na ukimganda umekubali mwendo wake. Lipo na kosa la pili lililojificha: mtu ambaye ziada yake imekaribia kujaa anaijaza Uber yako kwa nusu ya kasi. Ukiwaponya majeruhi, Uber inajaa kwa sekunde 40. Ukikaa unamwagia dawa Heavy aliyeshiba, hesabu 80. Timu nzima inakusubiri wewe na rafiki yako mnene.

Angalia wanavyocheza watu wa mashindano ya sita kwa sita. Kikosi chao cha kawaida ni Scout wawili, Soldier wawili, Demoman mmoja na Medic mmoja. Heavy hayumo, anaitwa kwa dharura tu. Medic wao hatulii kwa mtu, anazunguka kama mhudumu wa harusi mwenye birika la chai: huyu kidogo, yule kidogo, halafu anarudi kwa wa kwanza. Anachokitazama si nani ana damu kidogo. Anatazama nani akijazwa sasa hivi atarudi kufanya jambo lenye maana. Demoman mwenye damu 90 anayekaribia kuvamia anatangulia mbele ya Sniper mwenye damu 40 aliyejikunyata mlimani, kwa sababu Sniper huyo akikutana na adui ana kwa ana atakufa hata akiwa na 125 zake zote. Inaonekana roho mbaya. Ndiyo kazi yenyewe. Muuguzi wa zamu kwenye foleni ya majeruhi anafanya hivyohivyo, tena yeye kwa watu wa kweli.

Wanaobonyeza kitufe cha E na kupiga kelele "Medic!" usiwafanye dira. Nusu yao wana damu kamili na wanataka ziada, na mmoja wao ni Spy wa adui aliyevaa sura ya mwenzako. Badala ya masikio tumia alama: kwenye mipangilio ya ziada ya gemu kuna sehemu ya kuwasha ishara inayotokea yenyewe juu ya mwenzako damu yake ikishuka chini ya kiwango unachopanga wewe. Iwashe. Papo hapo washa na ile inayofanya Medi Gun iendelee kuponya bila wewe kushikilia kitufe. Vidole vikipumzika, akili inapata nafasi ya kutazama.

Na kutazama ndiko kwenye siri kubwa. Mkondo wa Medi Gun ukishamshika mtu, huna haja ya kumwangalia tena. Geuza kipanya utazame nyuma, juu, pembeni, dawa inaendelea kwenda ilimradi yuko karibu na hakuna ukuta kati yenu. Wanaoanza wanakodolea macho mgongo wa mtu wanayemponya mechi nzima, halafu wanashangaa wamekufaje. Wewe mponye aliye mbele, macho yawe kwenye njia uliyotoka. Miguu nayo ichague mahali ambapo mwenzako unamwona lakini anayempiga hakuoni wewe: yeye akiwa mlangoni, wewe kaa nyuma ya kizingiti, yeye akiwa juu ya ngazi, wewe chini. Una damu 150 tu na hujavaa chuma chochote. Ukiona adui anakuona, tayari umesimama vibaya, hata kama bado hajakupiga.

Hapa niseme jambo letu sisi wa huku. Kutoka Tanzania kwenda seva za Ulaya, pingi (muda wa ishara kwenda seva na kurudi, kwa milisekunde) ya zaidi ya 150 ni kawaida, na jioni bando likichoka inapaa zaidi. Kwa Sniper au Scout hilo ni msiba. Kwa Medic si neno, kwa sababu mkondo wa dawa hauhitaji shabaha, ukielekeza karibu na mtu unamshika. Mimi mwenyewe nilianza Medic kwa sababu hiyo, wala haikuwa kwa moyo wa huruma. Ila pingi hiyohiyo ina adhabu yake, na adhabu inaitwa Spy. Kisu chake kikiingia mgongoni unakufa hapohapo hata uwe na ziada kiasi gani, na ukiwa na pingi kubwa mgongo wako kwenye seva haupo pale unapouona kwenye kioo chako. Utageuka, utamwona uso kwa uso, na bado utakufa kwa kisu cha mgongoni. Usipoteze muda kulalamika. Dawa yake ni kutomruhusu akufikie: geuka kila baada ya sekunde chache bila mpangilio, na ukimtilia mashaka "mwenzako" mpitie mwilini. Mwenzako wa kweli unapenya ndani yake. Adui mnagongana kama mmekutana na mlango.

Sasa Uber. Ile ya teksi tuiache. Hii ni sekunde 8 ambazo wewe na unayemponya hamdhuriki na risasi wala bomu. Watu wanailinda kama mahari. Wanasubiri "nafasi nzuri", nafasi nzuri inakuja imebeba roketi, wanakufa nayo ikiwa kamili. Ukifa, asilimia zote zinarudi sifuri.

Ngoja nikusimulie. Mwaka wa pili wa chuo tulikuwa tunacheza chumbani kwa jamaa mmoja, kompyuta tatu, feni moja. Nilijiona Medic hodari, nawafokea wenzangu kwamba wananiacha nyuma. Jamaa hakubishana. Alichukua karatasi akakaa nyuma yangu jioni nzima, kila nilipokufa na Uber kamili anachora mstari. Tulipozima mashine alinipa karatasi: mistari 7. Uber nilizowasha jioni hiyo zilikuwa 4. Maana yake zaidi ya nusu ya kazi yangu nilikuwa naizika mwenyewe, na kelele nawapigia wao. Sikuongea mpaka tulipofika kwenye chipsi.

Nini kilibadilika? Niliacha kuiona Uber kama zawadi ya kushambulia tu. Inawashwa kwa sababu tatu. Ya kwanza ni kuvunja kitu ambacho damu ya kawaida haiwezi kukivunja, mfano bunduki ya Engineer inayojifyatulia yenyewe, iliyofika ngazi ya tatu. Ya pili ni kujibu Uber ya maadui: wakiwasha na nyie mkiwa nayo, mnawasha baada yao kidogo, yao inaisha kwanza, na zile sekunde moja au mbili zinazobaki ndizo mnazoulia. Ya tatu ndiyo watu wanaionea aibu, kujiokoa mwenyewe. Roketi imekukuta, damu 60, hakuna pa kukimbilia: washa! Mshike yeyote aliye karibu, hata Sniper. Umepoteza Uber, ndiyo, lakini uko hai, na unaanza kujaza nyingine sasa hivi badala ya kusubiri kuzaliwa upya, kutembea kutoka kambini na ndipo uanze.

Usiiwashe ukiwa mbali. Sekunde 8 ni chache kuliko unavyodhani, na nimeona Uber nyingi zikiishia njiani watu wakiwa bado wanakimbilia uwanja wa vita. Subiri risasi ya kwanza iwaguse ndipo uwashe. Mpe nani? Mwenye mabomu: Demoman au Soldier, na awe na risasi zimejaa, umuulize kabla. Heavy atafika sekunde ya sita. Kumbuka pia kwamba kutodhurika si kutosukumwa. Roketi zinawarusha, na Pyro mwenye akili atampuliza mwenzako mbali nawe mpaka mkondo ukatike, kisha atawasubiri mmoja mmoja. Mkikutana na Pyro wa namna hiyo, muueni yeye kwanza au msiingie. Kwa bunduki ya Engineer kuna ujanja mzuri: inampiga aliye karibu nayo zaidi. Basi wewe Medic tangulia mbele uibebe misukosuko yake, mwenzako abaki nyuma yako ametulia akiibomoa. Unaonekana kama kichaa, lakini inafanya kazi. Jambo la mwisho kuhusu hilo, mkiwa ndani ya Uber hamwezi kuteka kituo. Mtu wa tatu ndiye asimame juu yake.

Kritzkrieg, ile Medi Gun ya aina nyingine, nayo usiidharau. Hailindi mtu, lakini inampa unayemponya mapigo ya mara tatu, na inajaa kwa haraka zaidi ya ile ya kawaida, sekunde 32 hivi. Naichukua tunapoanza kushambulia, lango likiwa bado limefungwa na Uber zinajaa kwa kasi kuliko kawaida. Kwenye ramani kama Dustbowl, ambako maadui wote wanajazana mbele ya lango moja, Demoman mmoja mwenye Kritz anafagia nusu ya timu kabla hawajajua kilichowapata. Zaidi ya hapo rudi kwenye ya kawaida, hasa ukicheza na watu usiowajua.

Kuhusu kuongea: ongea kidogo, na liwe jambo linalohesabika. "Uber tisini." "Uber tayari, naingia na Demo." "Medic wao kafa." Hilo la mwisho ni dhahabu, na wewe ndiye unapaswa kuliona kwenye orodha ya vifo kabla ya wote, kwa sababu unajua maana yake. Hata akizaliwa upya sasa hivi anahitaji sekunde 40 za kuponya ndipo awe na Uber, ukiongeza kusubiri na kutembea ni kama dakika nzima. Dakika hiyo ni yenu, vamieni. Medic anayesema hivyo kwa wakati anashinda mechi nyingi kuliko mwenye namba kubwa ubaoni. Matusi yenyewe yanyamazishe kwenye orodha ya wachezaji, mmoja mmoja. Usijibu. Huwezi kuandika na kutazama mgongo wako kwa wakati mmoja.

Nimalizie kwa mdogo wako. Gemu zinatofautiana lakini tatizo linafanana, na hata watengenezaji huliingia. Overwatch, gemu jingine la risasi, ilipotoka 2016, mganga wake Mercy alikuwa na nguvu ya kufufua wenzake wote waliokufa karibu yake kwa mpigo. Matokeo yake baadhi ya Mercy walijificha kona, wakaacha timu ife kwa makusudi, kisha wakatokea kufufua na kuvuna pointi. Septemba 2017 nguvu hiyo ikabadilishwa, anafufua mmoja mmoja. Ubao ulikuwa unawalipa waganga kwa kusubiri msiba!

Estes kwenye Mobile Legends anaunganishwa na mwenzake kwa uzi wa mwanga, na uzi unakatika wakiachana mbali. Kwa hiyo kwake kosa la kwanza ni miguu: ama amekaa nyuma mno uzi unakatika, ama ameufuata uzi hadi katikati ya maadui watano na kufa wa kwanza. Akae kando ya mpiganaji, akiwa na kichaka au ukuta wa kukimbilia. Pili, aangalie maadui wananunua nini. Wakishaweka vitu vinavyopunguza uponyaji, kama Dominance Ice au Sea Halberd, dawa ya Estes inapungua sana na hakuna ustadi wa vidole utakaoirudisha. Hapo asijilaumu, aponye mapema zaidi na kuwazuia wenzake kupigana vita virefu. Na akitaka mganga mwingine wa kubadilishia, ajifunze Angela, ambaye nguvu yake kubwa inamwezesha kumrukia mwenzake popote alipo ramani nzima akiwa na ngao.

Wewe chukua karatasi usiku wa leo. Mechi tano, mstari mmoja kila ukifa na Uber kamili, na duara kila ukiiwasha, hata ikiwa ni ya kujiokoa. Namba ya kuponya ifunike na kidole. Ukifikisha duara nyingi kuliko mistari niandikie, tuongee kuhusu mshale wa Crusader's Crossbow, unaomponya mwenzako ukimpata kwa shabaha, ambao kwa pingi yako bado ni mapema.